Hata Ukwato Mmoja Usibaki

Mwanangu Skola,

Uko kigangoni kwenye mazoezi ya kwaya ya mwisho, nami nimejifungia chumbani na daftari la jumuiya. Nimechana karatasi za katikati, zile ambazo hazijaandikwa mahudhurio. Mungu anisamehe, na Mama Festo mwenyekiti naye anisamehe akizihesabu. Kesho asubuhi unaondoka. Habari za sweta na sabuni na baridi ya kule milimani sitaziandika. Masista wameshakuletea orodha yao, na wewe umeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Haya yangu hayamo kwenye orodha hiyo. Ningekuambia kwa mdomo, lakini nikianza tu utanishika bega useme, "Mama, yameisha hayo." Ndivyo unavyosema siku hizi kwa kila jambo, na neno hilo ndilo lililonitia shaka. Mtoto wa miaka kumi na saba, mambo yake yameishaje?

Nianze na kosa la jana. Ulipokwenda kuchota maji nilifungua tranka lako. Ndiyo, nilikupekua. Nilikuwa natafuta barua ya mvulana. Nilikunjua kila kitenge, nikatikisa kila kitabu, nikanusa hata taulo. Chini kabisa, ndani ya soksi ya shule, nikakuta kile kisu kifupi chenye ncha iliyopinda, ulichopewa na bwana mifugo ulipomaliza kidato cha nne. Kisu cha kukatia kwato za mbuzi.

Nilikaa kitandani kwako nacho mkononi. Ingekuwa barua ya mvulana ningejua la kufanya, ningepiga kelele mpaka Mashewa nzima isikie. Lakini msichana anayekwenda kuanza safari ya usista, amekifungia kisu cha mbuzi ndani ya soksi, huyo anapigiwa kelele gani? Nikakitoa, nikakifukia kwenye pipa la mahindi. Usiku ule ulikula ugali ukaenda kulala, nami nikakutazama kama mgambo anavyomtazama mtu aliyebeba mzigo asioujua.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, kwenye jumuiya ya Alhamisi ile ilipofanyikia hapa kwetu. Tulikuwa tunasoma Kitabu cha Kutoka, habari ya Musa na Farao, na msomaji ulikuwa wewe. Ukasoma vizuri, sauti haikutetemeka. Mama Festo akauliza kama kawaida, "Neno gani limekugusa?" Kila mmoja akasema lake. Mzee wa mwisho wa benchi kaguswa na vyura, kama kila mwaka, watu wakacheka. Zamu yako ilipofika ulisimama ukasema, "Waache watu wangu waende." Ukakaa.

Mama Festo akarusha kigelegele. "Mnaona? Mtoto ameshaitwa huyu! Mama Skola, umezaa Musa wa kike!" Wakapiga makofi, nami nikapiga. Lakini machale yakanicheza. Mungu alimwambia Farao awaache watu wake waende wapate kumwabudu. Wewe ulisema nusu ya kwanza ukaifunga midomo. Na uliposema hukumtazama Mama Festo, wala msalaba pale ukutani. Ulinitazama mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilisoma somo lile peke yangu, polepole, kwa kidole, kama darasa la tatu. Unajua mimi niliishia la saba, na maneno mengi ya kwenye Biblia huwa nayaruka kama mtu anavyoruka madimbwi. Safari hii sikuruka. Nikagundua Farao hakukataa moja kwa moja, kama nilivyodhani. Farao ni mtu wa kupatana. Kwanza alisema hao ni wavivu, waongezewe kazi ya matofali. Mapigo yalipomchoma akasema haya basi, abuduni hapa hapa. Kisha akasema nendeni, ila msiende mbali. Halafu waende wanaume, watoto wabaki. Mwisho kabisa akasema hata watoto waende, ila mifugo yenu iacheni. Kila akiachia, anabakiza mkononi kamba ya kuwavutia nyuma.

Mimi namjua mtu wa namna hiyo tangu utotoni. Bibi yako alikuwa mwanikaji kwenye shamba la mkonge, upande wa Hale, na mimi nilikulia kambini pale. Kazi yake ilikuwa kuzitandaza singa za mkonge zikiwa mbichi kwenye nyaya, zikauke juani. Jumapili nyapara aliwaruhusu akina mama kwenda misa. Hakuwa mtu wa kumkataza mtu dini yake. Alisimama tu pale njiani na fimbo yake akisema, "Nendeni mkasali. Ila wingu likitokea, nataka kuwaona kwenye nyaya kabla ya tone la kwanza."

Basi kanisani akina mama wale walikaa wote upande wa dirisha. Bibi yako alikuwa anapiga magoti jicho moja kwenye altare na jicho moja nje. Siku moja padre ameinua hostia, wingu likafunga kutoka milimani, na benchi zima likanyanyuka likatoka mbio, kanga zinapepea, mimi nimeshikwa mkono navutwa. Padre akabaki ameinua mikono na watoto wanne na mzee mmoja kiziwi. Tulicheka sana njiani, bibi yako akicheka kuliko wote. Tulipomaliza kuzianua zile singa, nikamwona amekaa chini ya nyaya anajifuta uso, na halikuwa jasho.

Mwanangu, mimi nilikua nikidhani kusali ni kuchungulia dirishani. Nilijiapiza kwamba mwanangu atasali bila kutazama mawingu. Niliapa hivyo kweli. Halafu nikawa nyapara.

Sasa sikiliza namna nilivyokuwa nyapara.

Ulikuwa na miaka miwili. Baba yako alikuwa ameshakwenda kwenye machimbo ya dhahabu kule Handeni, na kule alibaki. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sijui kitu. Adhuhuri moja ukapandwa na homa, macho yakageuka juu, mwili ukakakamaa. Degedege. Nilipiga yowe, na aliyekuja mbio ni Bi Zainabu, jirani yetu huyu huyu, mkono una unga. Akamwita mumewe, akatupakia kwenye pikipiki, mimi katikati, wewe kwenye kanga, yeye nyuma ananishika nisianguke. Njia yote mpaka hospitali mjini Korogwe yeye alikuwa anaomba kwa dini yake na mimi kwa yangu. Na tulipofika darajani nikasema kwa sauti, "Mungu wangu, akipona huyu ni wako. Atakuwa sista. Nakupa."

Ukapona. Na mimi sikukaa kimya. Unakumbuka mishumaa. Kila mwaka siku ya mtakatifu somo wako nilikuwashia mshumaa nikakusimulia habari ya daraja lile, na mwisho nilikuuliza, "Wewe ni wa nani?" Nawe ulijibu, "Wa Mungu." Ulipokuwa mdogo uliruka ukijibu. Ulipofika darasa la sita ulijibu umesimama. Ulipofika kidato cha pili ulijibu ukiwa unatafuta kiatu. Niliona, Skola. Nilijua mtu anayejibu akitafuta kiatu anasema nini. Nikaona bora nisijue.

Bi Zainabu alinionya mapema. Ilikuwa siku ile beberu lake lilipoanza kuoza kwato, watu wote wanasema lichinjwe, wewe ukaja na maji ya chumvi na kisu chako, ukapiga goti kwenye mavi, ukalisafisha siku tisa mpaka likapanda kichuguu. Akanifuata jikoni.

"Mama Skola, mtoto wako ana mkono. Mbuzi wangu wakimwona wanainua mguu wenyewe."

Nikamwambia mkono huo ni wa Mungu, niliuahidi pale darajani.

"Niliyasikia," akasema. "Nilikuwa nimekushika kiuno. Ila wakati wewe unaahidi, mume wangu ndiye alikuwa anakanyaga gia. Kwake umeahidi nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Mbuzi wangu nikimtoa sadaka, ni mbuzi wangu. Na huyu je? Umemuuliza?"

Nikamshuku mara moja. Nilisema moyoni, huyu si wa dini yetu, ataijuaje raha ya kumtoa mtoto kwa Mungu? Anataka mtoto abaki amtibie mifugo yake bure. Nikapunguza kwenda kwake. Ulinihoji kwa nini, nikakudanganya kwamba miguu inaniuma.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake nimechana daftari la jumuiya. Kaa chini kama umesimama.

Wewe na bwana mifugo mliomba nafasi chuo cha mifugo kwa mtandao, na kwa kuwa huna simu mkaandika namba yangu. Ukawa unaniuliza kila jioni ukirudi, hata shikamoo hujamaliza, "Mama, simu yako haijaingia ujumbe?" Nikasema haijaingia. Siku nyingi nilisema kweli. Siku moja nikiwa napalilia ikaita ting, nikafuta udongo kwenye kioo nikasoma. Ujumbe ulianza na hongera. Ulikuwa na jina lako lote, Skolastika na la baba yako, umechaguliwa.

Niliusoma mara tatu. Kisha nikaufuta.

Jioni ukaja. "Mama, haijaingia?" Nikasema, "Haijaingia, mama. Labda mtandao." Ukasema, "Labda." Majuma mawili ukauliza, halafu ukaacha. Siku uliyoacha kuuliza ulichukua fagio ukafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Siku ya tatu yake ukaja nilipokuwa napepeta, ukasema, "Basi mama, nitakwenda kwa masista."

Nililia kwa furaha. Uliniona. Nilikimbia kwa Mama Festo hata ungo sikuutua. Jumuiya nzima ikaja na vigelegele, ikaleta kuku, wakakuvika shada. Na wewe umesimama katikati unatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Sikutaka kulisikia lile neno lako la kwanza, lile "Basi".

Nilishuku kila mtu, Skola. Nilimshuku Bi Zainabu, nilimshuku bwana mifugo kwamba anakutaka, mtu wa watu mwenye wajukuu. Niliwashuku masista wenyewe, nikijiuliza watakufanyisha kazi gani. Sikumshuku mtu mmoja tu, yule aliyekuwa na simu mfukoni.

Kisu kile ndicho kilichonivunja. Leo alfajiri, ulipokuwa bado umelala, nilikwenda parokiani kwa miguu. Padre alikuwa anamwagia migomba yake, kaptula na ndala. Nikamwambia habari ya daraja na nadhiri. Akazima mpira wa maji.

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Sijamuuliza, padre."

"Muda gani?"

"Miaka kumi na tano."

Alinitazama mpaka nikaona haya ya miguu yangu yenye vumbi. Hakunigombeza. Akasema mtu anaweza kumwekea Mungu nadhiri juu ya maisha yake mwenyewe, si juu ya maisha ya mwenzake, hata akiwa amemzaa. Ile yangu juu yako haikukufunga kamwe, wala siku moja. Kama nataka kumshukuru Mungu kwa uhai wako, kuna wagonjwa pale zahanati hawana wa kuwafulia. Nikafue. Ndiyo hiyo, nimepewa, na Jumatano naanza.

Nikuambie ukweli, hata yeye nilimshuku. Nilijiuliza, mbona ameachia haraka hivyo? Nilitegemea anikatalie, anibane, aniongezee rozari mia. Nimezoea mtu anayeachia huku ameshika kamba. Nikageuka nyuma mara mbili nione kama ananiita. Alikuwa anamwagia migomba.

Kutoka hapo nikaenda kwa bwana mifugo. Nilimkuta anafunga mkoba kwenye baiskeli. Nikamwambia nilichofanya na ule ujumbe, nimesimama, bila kuzunguka. Akavua kofia. Akasema, "Dada, mimi nimekaa na lawama miezi hii nikidhani niliandika namba vibaya." Unaona kosa la mtu mmoja linavyotembea? Mzee wa watu amekuwa akijilaumu, na mimi nikipita njiani namwamkia.

Nafasi ile imepita, aliniambia hivyo bila kunificha. Lakini kuna awamu nyingine ya maombi, bado haijafungwa. Akanitolea fomu, na barua yenu ile ya kwanza ya maombi alikuwa nayo kwenye simu yake, tukaenda dukani wakaichapa. Zote ziko kwenye bahasha hii, nyuma ya barua hii. Mbele yake nimeweka barua ya jumuiya ya kukutambulisha kwa masista, niliyoiandika mimi katibu kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, imepigwa muhuri wa parokia. Zote mbili ni za kweli, sikuipunguzia yoyote.

Najua unachofikiri sasa. Mama amegeuza kamba tu. Jana alinivuta kwenda, leo ananivuta kubaki. Una haki ya kushuku. Ishuku hata barua hii, isome mara mbili, tafuta mahali nilipobakiza ncha mkononi. Mimi mwenyewe nimeitafuta. Niliandika mahali fulani kwamba ukienda chuo uwe unarudi kila likizo, nikakuta nimeandika kama Farao, msiende mbali, nikakata. Doa lile la wino ukurasa wa pili ni hilo.

Na huenda nimekosea tena. Huenda Mungu alikuita kweli, kwa sauti yake mwenyewe, na mimi nilikuwa napiga kelele juu ya sauti hiyo miaka yote mpaka hukuweza kuisikia. Huenda ukifika kwa masista utaisikia vizuri kwa kuwa mimi sipo. Sijui. Hapo ndipo nimepata tumaini, katika kutojua. Maana Farao aliposema mifugo ibaki, Musa alikataa. Alisema wanyama wote watakwenda nao, hata ukwato mmoja hautabaki, kwa sababu hawajui watamtumikia Bwana kwa kitu gani mpaka wafike huko. Niliposoma pale kidole kilisimama. Musa mwenyewe hajui! Anajua tu kwamba hakuna kinachoachwa nyuma.

Mimi nilitaka umwendee Mungu bila mbuzi zako. Bila mkono ule unaofanya beberu liinue mguu lenyewe. Nilitaka kumpa Mungu Skola niliyemchonga mimi, na yule wa kweli nikamfukia kwenye pipa la mahindi.

Bibi yako alipozeeka, kabla hajafa, alikuja kukaa nasi hapa. Jumapili ya kwanza nilimpeleka misa. Akakaa upande wa dirisha kwa mazoea. Mvua ikaja, kubwa, paa la bati likanguruma. Nikaona mwili wake umeshtuka, mkono umeshanikamata tukimbie. Halafu akakumbuka kwamba hakuna singa tena, hakuna nyaya, hakuna mtu njiani. Akakaa. Akasikiliza ile mvua mpaka mwisho, padre anahubiri hata hasikiki. Kwenye kutoka aliniambia, "Leo ndiyo nimesali." Alikuwa na miaka zaidi ya sabini.

Wewe usisubiri umri huo.

Kesho nitakusindikiza mpaka mjini stendi. Magari yatakuwa yameelekea pande zote, la kwenda milimani na la kwenda Handeni kwa shangazi yako, ambako utakaa ukijaza fomu kama ni hiyo utakayoichagua. Shangazi nimeshampigia, anajua tu kwamba huenda mgeni akaja, huenda asije. Mama Festo na kwaya watakuja kuimba. Waache waimbe, ila usipande gari kwa sababu ya wimbo. Ukipanda lolote sitauliza. Ukiahirisha siku tatu ukae ufikiri, tutarudi pamoja nyumbani na Mama Festo nitaongea naye mimi. Ukinikasirikia usitake kuniamkia, vilevile nitabeba upande mmoja wa tranka.

Msamaha siuombi leo. Ukiutoa leo utakuwa umeutoa stendi, watu wanatazama. Ubaki nao, uutoe siku utakapokuwa wako.

Naisikia kwaya imemaliza, mnacheka njiani, sauti yako naitambua. Nafunga. Nimekwenda kwenye pipa la mahindi nikakitoa kile kisu, nikakipangusa vumbi, nikakipaka mafuta kidogo kisishike kutu. Nimekirudisha kwenye soksi ile ile, ila nimekiweka juu, kwenye nguo za kwanza. Huna haja tena ya kukificha.

Mama yako,
Kalista